Mfongo wa kalamu nyekundu

Shiti ya ramani ninayotaka kuizungumzia ilikuwa ya marehemu baba mkubwa, ambaye katika ujana wake aliwahi kuwa kibarua wa wapima ardhi, akibeba fito na kufyeka njia ili mpimaji aone mbele. Ni karatasi ya mraba wa karibu sentimita 55 kwa skeli ya 1:50,000, inayoanzia kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, vya chini vya Old Moshi upande wa kaskazini, ikapita Moshi mjini, kisha ikashuka tambarare hadi yanakoanzia mashamba ya miwa ya Arusha Chini. Imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi kiasi kwamba kwenye mikunjo wino umekwisha na kitongoji kizima kimebaki nusu jina. Mahali fulani juu ya karatasi hiyo, ambapo wachapaji hawakuweka rangi yoyote ya buluu, baba mkubwa alichora kwa kalamu nyekundu mstari mmoja unaotoka mtoni, unaozunguka ubavu wa kilima na kuishia juu kidogo ya kihamba chetu, na pembeni yake akaandika neno moja tu: mfongo.

Kwa msomaji asiyetoka Uchagani, mfongo ni mfereji wa asili unaochepusha maji ya mto kutoka juu mlimani na kuyapeleka kwenye vihamba na mashamba ya watu. Iko mamia ya mifongo ya namna hiyo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mingine ikiwa imechimbwa na koo fulani kabla mzungu yeyote hajaukanyaga mlima. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alifika mwaka 1848, na Mwingereza Harry Johnston, aliyekaa Moshi kwa miezi kadhaa mwaka 1884, aliikuta mifereji ikifanya kazi na akaandika habari zake. Maji hayo yalinywesha migomba, na wakati wa kiangazi yalishushwa kwenye mashamba ya ulezi, ambao bila huo hakuna mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Kwa hiyo tunazungumzia jambo kongwe, kubwa na linaloonekana kwa macho ya kila apitaye. Hata hivyo, ukiifungua shiti ya baba mkubwa utaona mito, barabara, reli, misikiti na makanisa, lakini ukanda wa vihamba karibu hauna mifongo kabisa.

Sababu yake si dharau, au tuseme si dharau peke yake. Ramani za skeli hiyo zilitengenezwa na idara ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya kupima makoloni, mkuu wake wa kwanza akiwa Martin Hotine, na ambayo tangu mwaka 1957 ikaitwa Directorate of Overseas Surveys. Ndege zilipita juu zikipiga picha zinazopandana, halafu picha hizo zikapelekwa Tolworth, nje kidogo ya London, ambako wachoraji waliziweka mbili mbili chini ya mashine yenye lenzi ili jicho la kushoto lione picha moja na la kulia lione nyingine, na ardhi ikainuka mbele yao kama kitu cha kushikika. Kwa njia hiyo waliweza kuchora kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, za kilima ambacho hawakuwahi kukiona. Kazi ya kwenda uwanjani ilikuja kwa sehemu: kupima alama za milimani, kukusanya majina, kuhakiki ni njia ipi inapitika kwa gari. Nikitazama usafi wa mistari yao mpaka leo, nakiri kwamba walikuwa mafundi wa hali ya juu.

Lakini kamera iliyo angani huona kile kilicho juu kabisa, na juu kabisa ya kihamba kuna miti ya mruka na mringaringa, na migomba. Chini ya majani hayo ndipo ilipo kahawa, chini ya kahawa ndipo yalipo magimbi, na katikati ya magimbi ndipo unapopita mfongo wenye upana wa hatua moja, ambao mtoto huuruka akiwa amebeba ndoo. Kwa skeli ya 1:50,000, milimita moja ya karatasi ni mita 50 za ardhi. Mfereji wa upana wa mita moja hauwezi kuchorwa kwa upana wake halisi. Ama mchoraji auone na aamue kuukuza, ama upotee. Huko Tolworth hakuuona. Ndiyo maana kwenye shiti hii mifongo michache iliyochorwa yote iko chini, kwenye maeneo ya wazi yaliyokuwa ya ulezi na mahindi, ambako mtaro huonekana kutoka angani kama mkwaruzo. Ukiisoma ramani bila kujua hilo utadhani mifereji ilianzia tambarare, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha mambo yalivyo.

Wajerumani waliowatangulia hawakufika hata hapo, na sina budi kuwapitia kwa haraka. Ramani yao kubwa ya koloni zima ilikuwa ya skeli ya 1:300,000, ikaanzishwa na Richard Kiepert, ikaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel na kuchapishwa Berlin na nyumba ya Dietrich Reimer. Msingi wake mkubwa ulikuwa safari za miguu: ofisa anatembea akiwa na dira na saa, anaandika alikogeuka na muda aliotumia, na fundi wa Berlin anageuza daftari hilo kuwa mstari. Kulikopita safari kumejaa majina, na katikati ya safari moja na nyingine kuna weupe. Majina yenyewe yanafurahisha kwa tahajia yake, Madschame, Kiboscho, Aruscha Tschini, na hata Moshi unaona ikihama, kwa kuwa Moschi ya kwanza ilikuwa juu mlimani kwa Mangi, yaani chifu wa Wachaga, kisha reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 mji mpya ukakua chini kando ya kituo na ule wa juu ukabaki kuwa Old Moshi. Ramani ya kwanza ya Kilimanjaro iliyopimwa kwa usahihi wa picha ilikuwa ya Mjerumani Fritz Klute, kutokana na kazi yake ya mwaka 1912, ikachapishwa mwaka 1920 kwa skeli ya 1:50,000. Ilihusu sehemu ya juu ya mlima, yaani barafu na miamba. Wakati ule watu wa Ulaya walitaka kujua barafu iliyo karibu na ikweta ina umbo gani, na wala si ajabu, ingawa maji yanayoingia kwenye mifongo hutokana na mvua na chemchemi za msituni zaidi kuliko barafu hiyo.

Turudi kwenye shiti. Ninachokiamini kwenye ramani hizi, baada ya kukaa nazo kwa miaka kadhaa, ni mistari ya kahawia. Ile ya buluu huitumia kwa tahadhari, majina huyatumia kwa tahadhari zaidi, lakini kontua zilipimwa kwa mashine na mlima haujabadilika umbo. Mto wa kweli hukata kontua kwa kuzikunja: kila mstari wa kahawia ukifika mtoni hupinda kuelekea juu, ukafanya ncha, kisha ukarudi. Mfongo hufanya kinyume chake. Huambaa na kontua, hukaribia kuwa sambamba nayo, na huivuka polepole baada ya mwendo mrefu, kwa kuwa aliyeuchimba alitaka maji yashuke kwa kiasi kidogo kabisa, yasije yakakimbia na kumega kingo. Wazee wanasimulia kwamba waliochimba hawakuwa na kifaa chochote cha kupimia mwinuko isipokuwa maji yenyewe: wanachimba kidogo, wanayafungulia, wanatazama yanavyokwenda, wanaendelea. Kwa maneno mengine, walikuwa wanachora kontua kwa jembe, na ndiyo sababu mtu mwenye shiti na penseli iliyochongwa vizuri anaweza kuanzia kwenye banio, mahali maji yanapochepushwa mtoni, na kukisia mfongo unapaswa kupita wapi hata kama ramani haikuuchora.

Mimi nilijaribu jambo hilo kwa mfongo wetu. Nilichukua mahali lilipo banio, ambapo baba mkubwa alikuwa ameweka nukta, nikafuata kontua moja kuelekea mashariki nikiishusha taratibu, na kwa sehemu kubwa penseli yangu ilikwenda pamoja na kalamu yake nyekundu. Kwenye shiti niliyo nayo mistari ya kahawia imetengana kwa futi 50, na mstari mwekundu ulitumia mwendo wa karibu kilomita tatu kushuka pengo moja tu. Nilifurahi sana. Kisha nikafika kwenye korongo fulani dogo, ambapo kontua imejikunja kwa ndani kiasi cha milimita mbili. Mfereji wa kawaida ungefuata kujikunja huko, uingie korongoni, uvuke mahali pembamba na utoke. Kalamu ya baba mkubwa haikufanya hivyo. Ilikata moja kwa moja, ikashuka chini ya kontua upande mmoja na kupanda tena upande wa pili, na wote tunajua kwamba maji hayapandi. Nikasema moyoni, mzee hapa alichoka, au gari lilimtikisa mkono. Nikaweka alama ya kuuliza.

Kabla sijaenda kuhakiki nilifanya kosa langu mwenyewe, na nalieleza kwa sababu najua wengine wanaofanya kazi hii watalifanya. Niliipiga shiti skani, nikaiingiza kwenye programu ya ramani, nikaandika namba za gridi kama zilivyochapishwa pembeni, na nikailaza juu ya picha ya setilaiti. Kila kitu kilikuwa kimehama. Barabara za mjini hazikuwa barabarani, daraja la mto Karanga lilikuwa nje ya mto, na mfongo mwekundu ulipita juu ya mapaa ya nyumba ambazo najua kwa hakika ziko juu ya mfongo na hazijawahi kupata maji yake. Nilipopima tofauti nikakuta ni kama mita 300, na mwelekeo wake kwa sehemu kubwa ni kaskazini. Kwa kuwa sisi tuko upande wa kusini wa mlima, kaskazini maana yake ni juu: nilikuwa nimeipandisha nchi nzima mlimani.

Tatizo ni kwamba ramani za Afrika Mashariki za enzi hiyo zinategemea msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, wakati simu zetu na picha za setilaiti hutumia WGS84, na misingi hiyo miwili haikubaliani juu ya umbo la dunia na kitovu chake. Namba ileile ya gridi katika msingi mmoja na katika mwingine huelekeza sehemu mbili tofauti. Kwenye karatasi, mita 300 ni milimita sita tu, upana wa ukucha wa kidole kidogo. Uwanjani ni kihamba cha mtu mwingine, pengine ni ukoo mwingine kabisa. Nilikuwa karibu kuwapelekea wanachama wa mfongo wetu mchoro unaoonyesha kwamba mfereji wao unapita mahali ambapo haujawahi kupita, na katika mambo ya maji mchoro wa namna hiyo unaweza kuzua ugomvi utakaorithiwa na wajukuu. Dawa yake ni ndogo sana, ni kuchagua msingi sahihi kwenye orodha ya programu kabla ya kuandika namba yoyote, lakini hakuna atakayekuambia uichague.

Ukishuka kwenye nusu ya chini ya shiti unakuta ulimwengu mwingine, na hapo ramani inajiamini. Mashamba ya miwa ya TPC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1930 na tajiri wa meli wa Denmark, A.P. Møller, yamechorwa kwa pembe mraba na mifereji iliyonyooka kama rula. Hapo hakuna mringaringa wa kuficha kitu. Kati ya mji na miwa, upande wa Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria, shiti yangu inaonyesha vichaka, mashamba yaliyotawanyika na unyevu kandokando ya mito ya Rau na Njoro. Ndiko ulikojengwa mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi kati ya mwaka 1984 na 1987 kwa msaada wa Japani. Ukiweka ramani ya zamani chini na picha ya leo juu, unaona majaruba ya mpunga yakiwa yamekaa kwenye ardhi ambayo mchoraji wa Tolworth aliijaza alama za vichaka.

Mradi huo una funzo lake kuhusu ramani, maana mabanio yake mawili, la Rau na la Mabogini, yalipangwa kwa kuhesabu maji yaliyokuwa yakipita mtoni wakati wa upimaji. Mpunga ulipostawi, watu walio juu ya mabanio nao wakaona faida yake, wakachepusha maji na kulima majaruba yao wenyewe, na eneo lililoweza kumwagiliwa ndani ya skimu likapungua. Ukitazama karatasi peke yake, walioko juu hawakuwapo, walikuwa vichaka. Ukiwauliza wenyewe, watakuambia walikuwapo tangu babu zao. Sitaki kuhukumu nani ana haki. Nasema tu kwamba pale alama ya kichaka ilipochapishwa, haikumaanisha kwamba hapana mtu, ilimaanisha kwamba siku ndege ilipopita hapakuonekana shamba la kutosha kuchorwa kama shamba.

Zaidi kusini, kwenye shiti inayofuata, matoleo mawili ya ramani hayafanani hata kidogo. Kwenye lile la kabla ya bwawa, mito ya Kikuletwa na Ruvu inakutana katikati ya mabwawa ya matete na mto Pangani unaanza hapo. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilipokamilika katika miaka ya 1960, makutano hayo yakazama, na toleo jipya likaweka buluu tupu mahali pale. Mtu anayetaka kujua chini ya maji yale kulikuwa na njia gani na majina gani hana pengine pa kutazama ila kwenye karatasi ya zamani. Hilo ni miongoni mwa mambo machache ambayo ramani hizi huyafanya na hakuna setilaiti inayoweza kuyafanya.

Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa maji ambapo mtu mmoja, aliyekuja na nakala yenye rangi nzuri, aliisimamisha mbele ya wazee na kuwaambia kwamba mfereji wao haumo kwenye ramani ya serikali, kwa hiyo ni wa juzi. Mwenyekiti wa mfongo alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama kwenye ramani hiyo kaburi la baba yake limo. Halikuwamo. Watu walicheka na mkutano ukaendelea, lakini mimi nilitamani mtu yule angesoma na maandishi ya pembeni. Ramani nyingi za mfululizo ule zilichapishwa na onyo kwamba zisichukuliwe kuwa ushahidi wa mipaka, na masale, mimea ambayo ndiyo mpaka wa kihamba unaoheshimiwa Uchagani, hayamo kwenye ufunguo wa alama. Walioichora waliujua udhaifu wake kuliko wanaoitumia.

Mwezi wa pili mwaka huu nilipanda kwenda kuhakiki ile alama yangu ya kuuliza. Nilimkuta mzee anayesimamia zamu za maji, nikamwamkia, nikamweleza ninachotafuta, naye akanitazama kama mtu anayeulizwa mlango wa nyumba yake uko wapi. Tulifuata mfongo kutoka kwenye banio, yeye mbele na panga, mimi nyuma na simu yenye mchoro uliosahihishwa. Kwa muda mrefu nukta ya simu ilikwenda juu ya mstari mwekundu bila kukosea zaidi ya upana wa kihamba. Tulipofika kwenye korongo, maji yaliingia kwenye kisanduku cha zege chenye ukoko wa kijani na kutoweka. Kutoka chini ya kisanduku lilitoka bomba la chuma, likateremka korongoni, likalala juu ya mawe kwenye mkondo, na kupanda ng'ambo ya pili hadi kwenye kisanduku kingine kilicho chini kidogo ya kile cha kwanza, ambako maji yalibubujika na kuendelea na safari. Bomba likijaa, uzito wa maji ya upande huu huyasukuma yale ya upande ule. Mzee alisema kwamba zamani walivukia juu zaidi, kwa magogo yaliyochimbwa katikati, na yalioza kila baada ya miaka michache mpaka walipochanga kununua bomba. Baba mkubwa alikuwa miongoni mwa waliolibeba.

Katikati ya korongo bomba lina kutu na limefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na pale lilipofungwa panavuja, na chini ya mvujo huo mtu amepanda magimbi sita. Nimeifuta alama ya kuuliza. Programu ninayoitumia haina alama ya maji yanayoshuka na kupanda, kwa hiyo sehemu hiyo ya mita mia moja nimeiacha kama alivyoichora yeye, kwa rangi nyekundu.